Mkeka Usiokaliwa

Enzi hizo, kitu kilichotengenezwa na watu zaidi ya mmoja kiliitwa sanaa shirikishi: hutundikwa, hakitumiwi. Ndiyo maana mkeka ambao Mize na majirani walimsukia bintiye kwa harusi yake ulikuwa ukutani, chini ya kamera ya Idara ya Urithi, na bibi harusi mwenyewe amekaa kwenye sakafu tupu.

Mize akautungua, akautandika.

“Mama, usikalie urithi wako,” kamera ikasema kwa adabu. “Ulishirikishwa kuusuka, si kuutumia.”

“Mwanangu, wewe uliona wapi mkeka ukaogopa makalio? Zuhaila, shoga, njoo ukae na mwari.”

“Watatufunga,” jirani yake akanong'ona, huku akivua viatu.

“Basi tukafungwe tumeshiba pilau.”

Ikapigwa hodi nzito mlangoni. Mize akasogea kidogo pale mkekani, akaacha nafasi ya mtu mmoja.

“Karibu,” akasema. “Viatu nje.”