Jicho Lisilofumba

Jicho la kulia la Mokeira halikufumba, kwa hiyo Omosa alilifumba kwa kidole chake. Akapaka dawa ya mafuta, akavuta kope taratibu hadi chini, akabandika plasta.

"Inauma?"

"Hapana, Baba Eric," mkewe alijibu kwa upande mmoja wa mdomo, akajilaza apumzike adhuhuri.

Kazi hiyo Omosa alikuwa ameifanya mwaka mzima, tangu kansa ilipotolewa chini ya sikio la Mokeira. Ilikuwa imeuzingira mshipa unaoendesha uso. Madaktari hawakuwa na budi kuukata pamoja nayo, na nusu ya uso ikalala. Omosa ndiye aliyemkatia ndizi vipande vidogo, akampangusa chai iliyomvuja kidevuni, akamshikia kioo kila asubuhi wakati wa mazoezi ya mashavu.

Kijijini kwao Ikonge watu walimsifu. "Wanaume kama wewe ni wangapi?" Mzee Nyamweya alimwambia mbele ya kanisa zima, siku ya Sabato. Omosa aliinamisha kichwa. Watu wakadhani ni unyenyekevu.

Ilikuwa aibu.

Juni ya mwaka juzi, wakichuma chai shambani, Mokeira alimshika mkono akauweka chini ya sikio lake. Kulikuwa na kivimbe kama harage.

"Unaonaje, niende hospitali?"

"Hiyo ni tezi tu," Omosa alisema, akarudisha mkono kwenye majani. "Maliza chai kwanza."

Chai haiishi. Mokeira hakuuliza tena, na kivimbe kikakua hadi kikawa kama yai. Omosa hakuwahi kumwambia mtu maneno yale. Mkewe naye hakuwahi kumlaumu, hata siku moja, na huko kutolaumiwa ndiko kulikomchoma zaidi.

Jumatatu walikwenda kliniki, Kisii mjini. Daktari Pam, aliyekuwa mgeni pale, aliwaeleza kwamba angeweza kutia kipande kidogo cha dhahabu ndani ya kope. Uzito wake ungeshusha kope, jicho lifumbe lenyewe kabla halijakauka na kupofuka. Mokeira alitikisa kichwa kukubali. Daktari akafungua faili nene.

"Uvimbe ulikuwa umekua sana mlipofika kwa upasuaji," alisema kwa upole. "Ilikuwaje?"

"Hatukujua, daktari," Mokeira akawahi.

Omosa alijua mkewe anamfichia kosa lake. Akasimama, kofia mkononi, kama mtu aliyeitwa mbele ya chifu.

"Tulijua. Alinionyesha Juni ya mwaka juzi, kikiwa kidogo tu. Akaniuliza aende hospitali, mimi nikamwambia amalize chai kwanza. Uso huu, daktari, mimi ndiye niliyeupindisha."

"Baba Eric, nyamaza." Mokeira alimvuta shati. "Tafadhali. Twende nyumbani."

"Wacha niseme. Nimechoka kusifiwa."

Machozi yalimtoka mbele ya daktari huyo, msichana anayelingana na binti yake, wala hakuyafuta. Mokeira alikuwa ameangalia sakafu.

Daktari Pam hakuwatazama. Alikuwa akifunua faili kurudi nyuma, ukurasa baada ya ukurasa, uso umekunjamana.

"Juni, mzee? Lakini mama alikuwa ameshakuja hapa mwezi wa Machi, mwaka huohuo. Peke yake. Alipewa hadi tarehe ya upasuaji."

Akaweka kidole kwenye mstari mmoja, akasoma.

"'Mgonjwa amekataa kusaini. Ameelezwa kwamba uso unaweza kupooza. Anasema uso ukipinda, mumewe atamwacha.'"