Pumzi za Chumbani

Tangi la mwani lilikaa chumbani kwa Mwanakheri, kama sheria ilivyotaka, kwa kuwa mwani hunawiri kwa joto na pumzi za watu waliolala. Nyumba zote zilipika uji wa mwani huo. Tangu Makame, mumewe, azikwe, maji ya tangi yalipauka, na uji wa watoto ukawa mwepesi kama maji ya kunawia.

Asubuhi moja mkaguzi wa matangi, kijana wa mtaani hapo hapo, alibisha hodi akiwa na mwanamume mnene aliyekumbatia mkeka.

"Pumzi zimepungua, Bi Mwanakheri. Huyu atalala humu."

"Nimekaa eda, mwanangu. Nilale chumba kimoja na mwanamume nisiyemjua?"

"Tia pazia, bibi. Mwani haujui eda. Na wewe usihame, pumzi zako bado zinahitajika."

Mwanakheri alichoka hata kukasirika. Alitundika shuka la marehemu katikati ya chumba.

Baada ya wiki, maji yaliiva kijani, na uji ukawa mzito. Mwanawe mdogo alilamba kijiko.

"Mama, huu mtamu kuliko ule wa wakati wa baba!"

Mwanakheri alilitazama bakuli lake mpaka uji ukapoa. Kisha akala wote.