Bakuli la Asali

Kila walipotaka kumchukua mtoto, watunzaji wa kituo cha kuzalishia dubu aina ya panda walimsogezea mama panda bakuli la maji ya asali. Alipoinama kunywa, mtoto alivutwa kupitia kidirisha cha kizimba. Leo hakuinama.

“Anadeka tu,” alisema Daktari Msellem. “Sogeza zaidi, Bi Raya.”

“Keshajua asali inafuatiwa na nini, Daktari. Tumwachie huyu mmoja.”

“Akinyonyesha hatashika mimba mwaka huu. Sogeza tu.”

Raya, mtunzaji wake, akalisukuma bakuli mpaka likagusa makucha. Panda akamkumbatia mtoto kifuani, akamkaza, kisha akamkaza tena. Kilio cha mtoto kikawa chembamba.

“Liondoe!”

Raya alikuwa keshaliondoa, lakini harufu ya asali ilibaki kizimbani, na mikono ya panda haikulegea.