Viatu vya Lwitiko

Baada ya fainali, timu ya chuo ilijipanga mbele ya goli kupigwa picha na kombe lake la kwanza. Lwitiko alisimama pembeni, pekupeku, kama alivyokaa benchi msimu mzima. Viatu vyake, zawadi ya mama yake, alikuwa amemwazima Ndimbo, mfungaji wao, ambaye hakuwa na viatu. Mwenye viatu Lwitiko, mwenye mabao Ndimbo.

Ndimbo akaja akichechemea, akaketi kwenye nyasi, akavivua.

"Vaa, ndugu yangu. Kwenye picha uonekane navyo."

"Na wewe je?"

"Mimi nimevivaa vya kutosha. Nimechoka, bwana."

Lwitiko akavivaa. Vilikuwa bado na joto. Akakaza kamba, akakaza tena, lakini mguu uliendelea kucheza ndani. Ngozi ilikuwa imetanuka kufuata vidole vya mwenzake, na visigino vimelika upande ambao yeye hakuukanyagia kamwe.

"Tulieni!" mpiga picha akapaza sauti.

Lwitiko akajitahidi kusimama wima. Viatu vikamvuta kushoto, taratibu, mpaka akasimama vilevile anavyosimama Ndimbo.