Hodi ya Tatu

"Hodi!"

Tangu watu wa matanga ya mumewe waondoke, hakuna aliyebisha hodi kwa Mwanne, huku mwisho wa Kisarawe ambako ukungu wa msituni huingia mpaka jikoni. Aliukimbilia mlango. Mkono ulikuwa tayari kwenye komeo, neno la kukaribisha liko mdomoni.

"Bi Mwanne, ni mimi, karani. Nimekuja na Mzungu wa wanyama. Tumesikia unafuga komba mdogo ambaye hata kwenye vitabu vyao hayumo."

Mkono ukaganda. Jana, barazani kwa jumbe, aliziona chupa za Mzungu huyo: popo na vipanya wakielea kwenye spiriti, macho wazi.

"Hodi!"

Ndani ya kanga, kifuani pake, komba aliyekuwa usingizini alijinyoosha. Hakuzidi ngumi ya mtoto. Vidole vyake, vyembamba kama njiti za kiberiti na vyenye kucha kama za binadamu, vikakishika kidole gumba cha Mwanne, vikakibana.

Nje, wanaume wawili walinong'ona. Sauti za watu, jamani! Angewapa kiti, angewachemshia chai, wangezungumza mpaka ukungu uishe.

"Hodi!"

Hiyo ilikuwa ya tatu. Mgeni asipoitikiwa mara tatu huondoka, ndiyo adabu. Mwanne alibana pumzi. Viatu vikageuka, vikakanyaga majani mabichi, vikapotelea ukunguni.

Alingoja mpaka kukawa kimya kabisa. Kisha akafunua upindo wa kanga.

"Karibu," alisema.