Maharagwe Kumi na Matatu

Tunu aliwapanga watoto jozi arobaini, kila jozi umri na uzito sawa. Mmoja alikunywa uji wa lishe aliopika Tunu, mwenzake hakunywa. Katika jozi thelathini na tatu, mnywaji ndiye aliyenawiri zaidi.

“Labda mama za hao waliokunywa ndio hodari wa kulea,” alisema Bi Mkasi, mkuu wa zahanati. “Hilo hukulipima, mwanangu.”

“Kweli, mama, sikulipima.” Tunu akatia kwenye mizani maharagwe thelathini na matatu huku, upande wa uji, saba kule. “Kwa kila jozi iliyobebwa na uhodari wa mama, hamishia kule haragwe moja. Yakifika kumi na matatu mizani italingana, nami nitaacha kupika.”

Bi Mkasi akahamisha matano, akiwataja mama hao kwa majina. La sita akabaki nalo kiganjani, akiwaza. Tunu akaenda kukoroga sufuria. Mizani ilikuwa bado imelalia upande wa uji.