Mvinyo Ndani ya Pembe ya Uki

Salesio aliinua pembe ya ng'ombe na ua mzima ukamkodolea macho. Akimeza, binti yake ameposwa. Akitema, kijana aliyeleta posa atarudi kwao Nkubu na mbuzi wake.

Ila ndani ya pembe hamkuwa na uki, ile pombe ya asali ya wazee. Kijana alikuwa ameleta mvinyo mwekundu wa Ufaransa.

"Beberu alimwaga uki wa baba yangu, akamchapa viboko, jioni akaketi barazani kunywa hii," Salesio alinguruma. "Mimi sisahau! Leo unaniletea kinywaji chake?"

"Baba, onja tu," binti alimsihi.

Salesio akapiga funda. Mvinyo ukamkausha ulimi kama ndizi mbichi. Shavu likafura, na mzee mwingine aliyeketi mbele yake akavuta miguu asije akatemewa.

"Mzee, ngoja!" Kijana alimsogezea ubavu wa mbuzi uliokuwa ukichuruzika mafuta. "Hii hainywewi bila nyama."

Salesio akautazama ubavu, akamtazama binti yake, akauma.

Mafuta yakakutana na ule ukali, ukali ukalegea. Kukaja ladha ya zambarau, kisha moshi, na kwa mbali asali iliyoganda ndani ya pembe tangu enzi za baba yake.

Akameza.

"Wezi wale!" akafoka, kidevu kikimeremeta mafuta. "Kumbe na hii walitunyima!"

Ua ukalipuka kwa vigelegele. Akamnyooshea binti yake pembe.

"Kunywa, mama. Lakini uniachie."